Ukurasa Uliowekwa Akiba

Glenhazel, Johannesburg
Jumanne, 6 Januari 1998

Kwako shemeji Cyril,

Pokea salamu zangu na za Freda wangu. Hatujambo, kwa kiasi cha watu wa umri wetu: goti la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio, sukari yangu iko pale daktari anapotaka iwe, na sikio la kulia sasa limeungana na la kushoto kugoma. Jumapili ulipopiga simu, Freda alinishikisha mkono wa simu nikasikia kitu kama kuku ndani ya debe. Nikajibu ndiyo, ndiyo, nikakata. Baadaye Freda akaniambia ulikuwa unauliza kama nimekasirika kwa wewe kuhamia Cape Town. Basi jibu lile lilikosewa. Sijakasirika. Na wewe hujambo? Hewa ya Muizenberg inakufaa? Mwanao Alan na mkewe wanakulisha? Mtoto wao Leora msalimie.

Tangu tumzike dada yangu Rhona nilijua utaondoka. Mgane wa miaka sabini na nne hawezi kuishi na friji yenye limau moja. Nilijua, na bado Jumanne iliyopita saa kumi jioni nilikaa mezani, nikafungua juzuu letu la sheria za wazee wa kale, nikasubiri mtu wa kunipinga. Miaka ishirini na saba, Cyril. Watu hudhani mwenza wa kusoma ni mtu wa kukusaidia kuelewa. Hapana. Kuelewa unaweza kuelewa peke yako, tena ukaelewa vibaya kwa raha zako zote. Mwenza ni mtu wa kukuzuia.

Kwa hiyo nina pendekezo. Zimebaki kurasa sita juzuu liishe. Tano tuzisome kwa barua, ukurasa mmoja kila wiki mbili, na kila mtu amwandikie mwenzake pale alipokwama. Wa sita tuuweke akiba mpaka asubuhi ya mkesha wa Pasaka, kama tulivyozoea. Nakueleza sababu ingawa unaijua, maana kueleza ndiyo starehe niliyobakiwa nayo. Siku ile sisi vifungua mimba tunafunga, kwa kuwakumbuka vifungua mimba wa Misri waliokufa na wa kwetu waliopona. Lakini mtu akimaliza juzuu asubuhi hiyo huandaa karamu, na karamu hiyo inaondoa saumu kwa kila aliyehudhuria. Mimi ni kifungua mimba. Wewe ni wa pili kwa mama yako, humwamini Mungu, unakuja sinagogi kwa ajili ya vitabu na samaki wa chumvi. Na bado kila mwaka ni wewe unayesimama pembeni yangu tukasoma mstari wa mwisho pamoja, na wazee kumi na mmoja wa Glenhazel wakapata kifungua kinywa. Kafiri anawalisha waumini. Sijawahi kukushukuru, na sikushukuru sasa.

Ukurasa wa wiki hii ni ule wa nyumba ya watu wawili, mmoja anakaa chini, mwingine juu. Sakafu ya juu imebomoka, mwenye chini hataki kuitengeneza, basi wa juu ana haki ya kushuka akaishi chini. Wazee wetu wanauliza: akitoka na kuingia, apite mlangoni, au apande ngazi mpaka darini na kuteremkia ndani, kwa kuwa njia yake tangu zamani ilikuwa ya juu? Hapa nimekwama. Nani mwenye akili timamu atampandisha mtu darini ili aingie sebuleni?

Ndimi shemeji yako,
Mottel


Muizenberg
Jumatano, 14 Januari 1998

Shemeji yangu Mottel,

Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia kwamba masikio yako hatimaye yamekubaliana jambo. Mpe Freda salamu na pole, anajua pole ya nini. Mimi mzima. Mke wa Alan, Annelie, ananipakulia kana kwamba nimetoka vitani. Leora ametimiza miaka kumi na moja. Kila Jumatano nampeleka masomoni hekaluni kwao, kwa wanamageuzi, maana mwakani atasimama kusoma gombo la Torati mbele ya watu. Naona kutoka huku unavyokunja uso. Kunjua.

Pendekezo lako nimelikubali lote. Kurasa tano kwa barua, wa sita kwa mdomo, mimi nikiwa pembeni yako. Nitakuja kwa ndege ile Alhamisi.

Sasa ngazi. Nilikuwa nimefika hapo hata kabla barua yako haijaja, na jibu nimelipata Jumatano iliyopita; tangu hapo natembea nalo kama mtu aliyeokota kito. Wazee hawaulizi habari za ngazi. Wanauliza mtu aliyeingia nyumba ya mwenzake kwa haki ni nani humo ndani: ni mgeni, au naye ni mwenye nyumba? Mwenye nyumba hupita mlangoni. Mgeni unaweza kumpitisha popote, na atashukuru. Anayemwambia mwenzake apite darini hamnyimi njia. Anamkumbusha kila siku kwamba hapa si kwake.

Shemeji yako,
Cyril


Glenhazel
Jumatano, 21 Januari 1998

Shemeji mpenzi,

Freda anakusalimu, sukari inakusalimu, sote wazima. Natumaini nawe uko hivyo, maana mtu aliyeandika barua ile asife mapema.

Nimeisoma mara tano. Katika miaka ishirini na saba hujasema jambo zuri hivi, na umesema mengi mazuri, ingawa wakati ule nilikuwa nakukatiza. Sabato iliyopita nililibeba neno lako sinagogi. Baada ya sala, kwenye meza ya samaki na biskuti, nikalieleza tangu mwanzo. Rabi wetu aliacha kutafuna. Akaniuliza kama anaweza kulitumia katika mahubiri yake, nikasema tumia, ila useme ni la shemeji yangu Cyril Rabinsky. Nilisema kwa sauti ili Bloch asikie, kwa sababu Bloch amedai miaka yote kwamba wewe kazi yako ni kunibebea kitabu. Alirudi kwenye samaki wake. Ungemwona.

Umbali umekufaa, Cyril. Labda ningepaswa kukufukuza mapema zaidi.

Shemeji yako mwenye kiburi wiki hii,
Mottel


Muizenberg
Alhamisi, 29 Januari 1998

Shemeji Mottel,

Salamu kwako na kwa Freda. Afya yangu njema, dhamiri ndiyo inayoumwa.

Neno lile si langu. Nikimsubiri Leora hukaa nyuma ya ukumbi na juzuu letu. Rabi wao, Ilana Brodie, mama wa miaka arobaini na kidogo, alipita akaniuliza nimefika ukurasa gani. Nikamwonyesha ngazi. Alisimama na koti mkononi, akafikiri, akasema yale niliyokuandikia. Mimi nimeongeza vituo tu.

Ningepaswa kukuambia tangu mwanzo. Nilitaka ulionje kwanza bila kujua limetoka kinywa gani. Lilikuwa jaribio, na mwalimu wa hisabati hata akistaafu haachi majaribio. Lakini lilikuwa kosa pia, na sikujua kwamba litafika kwenye mimbari yenu. Nisamehe.

Tangu siku ile mimi na Ilana tunasoma pamoja kila Jumatano kuanzia saa tisa, saa nzima. Ni msomaji mzuri sana, Mottel. Ungempenda.

Shemeji yako,
Cyril


Glenhazel
Alhamisi, 5 Februari 1998

Cyril,

Natumaini u mzima. Mimi sijui.

Rabi wetu alihubiri Sabato iliyopita. Watu mia mbili walisikia kutoka mimbari yetu neno la mwanamke wa hekalu la wanamageuzi, nao wakaitikia kwa vichwa. Unajua desturi yetu: neno husemwa kwa jina la aliyelisema. Asiyefanya hivyo ni mwizi wa aina ya pekee. Kwa hiyo mimi, mfamasia mstaafu, niliyetumikia sinagogi hili kwa miaka arobaini, ama nikae na wizi tumboni, ama nisimame nimtaje. Umenichagulia vizuri.

Nisingejali kama angekuwa ni mtu tu. Lakini hao wamepunguza sala zetu, wanaendesha magari siku ya Sabato, na nyumba yao wanaiita hekalu kana kwamba lile la Yerusalemu halikubomolewa. Na wewe unamfungulia juzuu letu. Nakala yako ina maandishi yangu ya penseli pembeni, Cyril. Ameyasoma? Amesema nini?

Halafu, anakaa wapi, mbele yako au ubavuni? Anagonga meza akiudhika? Anakukatiza? Mimi hukukatiza, kwa sababu najua sentensi zako zinakokwenda kabla hazijafika. Usiniambie anakusikiliza mpaka mwisho.

Freda ameisoma barua yako akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia, "Karibu uke wenza, Mottel. Sasa jipake wanja." Nimemwambia hili ni jambo la dini. Akasema ndiyo, anaona.

Mottel


Muizenberg
Ijumaa, 13 Februari 1998

Shemeji Mottel,

Salamu kwenu. Naandika kabla Sabato haijaingia, na mikono inanuka vitunguu kwa sababu Annelie amenipa kazi. Huku sote wazima. Umesahau kusaini kwa neno shemeji, lakini mimi nakuita hivyo hivyo.

Acha nikueleze taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto kidato cha tatu. Wewe unasema Myahudi ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyepokelewa na marabi wako. Ilana anasema ni yule aliyeingia akabaki. Mimi, ukiniuliza, ni yule asiyeweza kuacha kubishana juu ya jambo hili. Sasa pima. Mimi siamini kitu tangu mwaka 1945, nilipoona majina ya jamaa za baba yangu waliobaki Lithuania kwenye orodha ya waliouawa. Kwako mimi ni Myahudi mbovu, lakini ni Myahudi, na ukikosa mtu wa kumi wa kusali unanihesabu. Leora anasali kila jioni, anajua baraka zote, mimi nikikosea ananisahihisha. Kwako yeye si Myahudi, kwa sababu Annelie alipokelewa na marabi wasio wako. Asiyeamini anahesabiwa, anayeamini hahesabiwi. Unapenda kueleza. Nieleze hilo.

Lakini najua hukuniandikia kwa ajili hiyo. Umeuliza kama anagonga meza. Hagongi. Anakunja pembe za kurasa, na kila akikunja naumia. Anakaa mbele yangu. Maandishi yako ya penseli ameyasoma. Alisema huyu bwana hukasirika mapema kisha hufikiri vizuri. Na ndiyo, anasikiliza mpaka mwisho. Mara ya kwanza nilifika mwisho wa sentensi nikawa sijui niseme nini, maana sijawahi kufika huko.

Huna cha kunionea wivu. Mimi ni yuleyule.

Shemeji yako,
Cyril


Glenhazel
Jumapili, 22 Februari 1998

Shemeji Cyril,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nimefurahi kusikia kwamba mimi hukasirika mapema. Nimekasirika tena, mapema.

Swali lako juu ya Leora sitalijibu kwa barua. Si kwa kukosa jibu. Jibu ninalo, nimelijua tangu ujana, na lilipokuwa la watu wengine halikunisumbua.

Habari zangu ni kwamba nami nimepata mwenza. Anaitwa Dovid Perl, wakili, miaka thelathini na moja, kichwa kama wembe. Anakuja Jumanne saa kumi, hachelewi kama wewe. Ana suti. Anazikumbuka kurasa kwa namba. Jumanne iliyopita tulisoma saa mbili na nusu bila kuinuka, na Freda akasema hajawahi kuona mezani pale utulivu wa namna ile. Namsomesha juzuu jingine, dogo. Hili letu sijamfungulia. Mimi nina mipaka.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu.

Shemeji yako,
Mottel


Glenhazel
Jumapili, 15 Machi 1998

Shemeji wangu Cyril,

Natumaini barua hii itakukuta hai, maana wiki tatu zimepita bila neno. Kama ni ugonjwa, Alan angepiga simu. Kama ni hasira, hiyo ni kazi yangu, usininyang'anye. Freda ana mafua, mimi sina kitu.

Nitakuambia ukweli juu ya Perl. Anakubali. Kila ninachosema anajibu, "Kweli kabisa, mzee Gordin." Juzi nilisema jambo la kipumbavu kwa makusudi, jambo ambalo wewe ungenirushia kijiko. Aliliandika. Ni kama kucheza tenisi na pazia. Utulivu ule aliousifu Freda, kumbe hakuwa anausifu. Alikuwa ana hofu juu yangu.

Sikiliza. Huyo mama wa Jumatano endelea naye, sitasema kitu. Nikisema, usinisikilize. Kila Jumatano saa tisa natazama saa ya ukutani, nawaza sasa wamekaa, sasa anamuuliza, sasa Cyril anapanguza miwani kama anavyofanya akipendezwa na jambo. Najisikia mjinga, na najisikia hivyo kwa saa nzima. Yote hayo nitayamudu, mradi ukurasa wa mwisho ni wetu. Katika nakala yangu nimeubana kwa kibanio cha nguo cha Freda ili jicho lisije likateleza. Nunua tiketi. Kitanda chako kimetandikwa.

Kuhusu mtoto, nilimuuliza rabi wetu. Alisema kile nilichojua atasema. Nilitoka ofisini kwake sijaridhika. Zaidi ya hapo siandiki.

Shemeji yako,
Mottel


Muizenberg
Alhamisi, 19 Machi 1998

Shemeji Mottel,

Salamu kwako na kwa Freda. Barua yako ya mwisho iliyonifikia ni ile ya Perl. Mimi mzima wa mwili. Nimekaa kimya kwa sababu ya jambo nililolifanya Jumatano ya tarehe 25 Februari, na kila nikianza kuandika kalamu inakataa.

Ujue tulikutangulia, maana mimi na Ilana tulikwenda haraka kuliko barua. Siku ile tulikuwa ukurasa wa tano. Nilikuwa nimemwambia mapema kwamba tukifika mwisho wa huo tunafunga kitabu. Lakini unajua vitabu vyetu: hakuna aya, hakuna nukta ya kukusimamisha, hoja inaanzia chini ya ukurasa huu na kumalizikia juu ya ule. Tulikuwa tumewaka. Alikuwa amenipinga, nami nilikuwa nampinga, na sentensi ikavuka. Mkono wake ukageuza, mdomo wangu ukaendelea.

Tukaingia kwenye bustani mbili, ya mtu mmoja juu ya ukingo na ya mwingine chini yake, na mboga zilizoota katikati, kwenye ukuta wa udongo. Wa juu anasema ni zangu, wa chini anasema ni zangu. Tukabishana robo saa. Ilana akauliza swali moja. Nikafunua ukurasa kutafuta kama wazee wamelijibu, nikaona karatasi nyeupe, kisha jalada. Juzuu lilikuwa limekwisha. Na kwa mazoea ya miaka ishirini na saba, kabla akili haijafika, nikawa nimekwisha kutamka maneno ya kuliaga. Ilana akaitikia. Kisha akauona uso wangu, akauliza kama anipatie maji.

Ukurasa wetu nimeumaliza na mtu mwingine, Mottel. Ningeweza kuja huko, nikasimama pembeni yako, nikasoma kana kwamba ni mara ya kwanza. Nilifikiria hivyo siku nyingi. Lakini nilikwisha kukujaribu mara moja mwaka huu, na kitu kilichokwisha huwezi kukimaliza tena.

Swali lake sijaliandika hapa. Ni la ukurasa ule, na ukurasa ule ulikuwa wako pia.

Kuhusu Perl: kama ulikusudia nione wivu, umefaulu. Suti ndiyo iliyonimaliza.

Shemeji yako,
Cyril


Muizenberg
Alhamisi, 2 Aprili 1998

Shemeji Mottel,

Nakusalimu tena. Barua yako ya tarehe 15 ilinifikia siku moja baada ya mimi kutuma yangu. Nimesoma habari za kibanio cha nguo, na sijawahi kuona aibu ya namna hiyo.

Tiketi ninayo, ya tarehe 9. Bila neno lako sitapanda ndege. Alan alimpigia Freda; Freda alisema umeipata barua, unakula, unalala, na ukitajiwa jina langu unakwenda kumwagilia maua ambayo mvua imeshayamwagilia.

Niambie nije, au niambie nisije.

Shemeji yako,
Cyril


Glenhazel
Jumapili, 19 Aprili 1998

Kwa Cyril,

Pasaka imekwisha jana jioni. Wakati wa sikukuu sikuandika, na kabla yake sikuweza, kwa hiyo hii ndiyo asubuhi ya kwanza. Freda anakusalimu na anasema uache kujikondesha. Mimi ni mzima, nitakueleza kiasi gani.

Barua yako niliipata tarehe 23. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira. Wiki ya pili niliandika barua nne. Ya kwanza ilikuwa ya kisheria kabisa, kurasa sita, nikithibitisha kwamba yote hutokea mtu anapokaa na wanamageuzi: anaanza kwa kupunguza sala, anaishia kula ukurasa wa mwenzake. Freda aliisoma akanirudishia. Akasema hoja ni nzuri, ila huyo Ilana angekuwa mwanamume, mwenye ndevu ndefu kuliko zangu, wa sinagogi kali kuliko letu, ningeandika barua hiyohiyo na kubadilisha sababu. Niliichana. Alisema kweli, na ndiyo maana sikuongea naye siku mbili.

Asubuhi ya mkesha nilikwenda sinagogi. Vifungua mimba wote kumi na mmoja walikuwepo, meza imetandikwa. Rabi akaniuliza kama niko tayari. Nikasimama na juzuu likiwa na kibanio chake. Perl alikuwa ubavuni kwangu, pale unaposimama wewe. Hana kosa, mtu alimwambia asogee. Nikafungua mdomo kusoma, na kilichotoka ni jambo jingine. Niliwaambia kwamba neno la ngazi, la mgeni na mwenye nyumba, lile lililohubiriwa Januari kwa jina la Cyril Rabinsky, si la Cyril. Lilisemwa na Ilana Brodie wa Cape Town, anayefundisha kwenye hekalu la wanamageuzi. Sikusema rabi. Nilisema Bi Ilana Brodie. Usinisukume.

Bloch, kwa ile sauti yake ya chini inayosikika hata kwa kiziwi, akasema, "Kumbe tumelishwa huko na hatukujua." Wengine wakatazama sahani. Rabi wetu aliinuka polepole. Mwisho akasema, "Lilikuwa neno zuri Januari," akakaa. Hakuongeza kitu, wala hakupunguza, na wewe unayemwona kuwa ni mtu mdogo ningependa umfikirie upya kidogo.

Kisha nikawaambia mwaka huu sina cha kumaliza. Perl akamaliza lile juzuu dogo tulilokuwa tukisoma, kwa sauti nzuri, bila kukosea. Watu wakala. Mimi nilichukua kofia yangu nikarudi nyumbani nikafunga mpaka nyota zikatoka. Mara ya kwanza tangu mwaka 1970. Daktari hajui. Freda aliweka yai mbele yangu saa nane, akasimama mikono kiunoni. "Unamfungia Mungu au unamfungia Cyril?" Nilitaka kusema Mungu. Lakini tangu asubuhi sikuwa nimewawaza vifungua mimba wa Misri hata mara moja. Nilikuwa nawaza mkono wa mwanamke nisiyemjua ukigeuza ukurasa. Saumu kama hiyo sidhani inaandikwa mahali popote, na imeniuma kuliko zote.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa yanayofuata, na nitayaeleza taratibu, kama ulivyowaeleza kidato cha tatu.

Ukurasa sijausoma. Sitausoma na Perl, wala peke yangu. Umeniandikia kwamba kitu kilichokwisha huwezi kukimaliza tena. Cyril, umesimama sinagogi miaka hamsini ukimwomba Mungu ambaye humwamini. Umeinama alipopaswa kuinamiwa, umeitikia palipopaswa kuitikiwa, na hakuna aliyewahi kuona tofauti kati yako na mimi, hata mimi. Utashindwa kusoma ukurasa mmoja kana kwamba hujausoma? Huo ndio ustadi pekee ambao unao kuliko watu wote ninaowajua.

Njoo Jumanne yoyote. Mlete Leora kama shule imefungwa. Akikusahihisha baraka mezani kwangu nitaitikia amina kwa sauti, na rabi wangu asiniulize, nami sitamwuliza.

Jambo la mwisho. Kisa cha bustani mbili nakijua tangu utoto, hata bila kufungua ukurasa. Nilifundishwa nikiwa na miaka minane. Kwa hiyo wiki hizi nimekuwa nikikisia aliuliza nini. Mwanzo nilidhani aliuliza kama mboga ni za mwenye udongo wa mizizi au za mwenye hewa ya majani, lakini hilo wazee wameliuliza wenyewe. Kisha nikadhani aliuliza nani alizipanda. Freda anasema hapana, mwanamke angeuliza kwa nini hao mabwana wawili hawakuwahi kupika pamoja. Jana, siku ya mwisho ya sikukuu, nilikisia mara tatu wakati wa sala, nikapitwa na mstari. Usiku nikaamka nikakisia tena. Hakuna ninachokisia kinachoweza kumfanya Cyril Rabinsky afunue ukurasa bila kutazama yuko wapi. Lazima liwe swali kubwa sana, na ninamchukia kwa hilo.

Mwenyewe usimlete, bado. Lete swali lake.

Shemeji yako,
Mottel